Aliyekaza Kamba ya Mlingoti

Maharage yaliungua jioni ile na sijutii hata kidogo. Harufu ilijaa nyumba nzima, ikavuka ua, mpaka jirani akauliza kwa sauti kutoka kwake kama bado niko hai. Nilikuwa hai kupita kiasi. Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule na daftari la Kiswahili la mwanangu Editha, ambaye yuko darasa la nne katika shule moja hapa Ngara ambayo sitaitaja jina, nikisoma kurasa mbili zinazofuatana. Walikuwa wameambiwa waandike habari ya kweli waliyosimuliwa na mzazi. Ukurasa wa kwanza Editha aliandika kwamba mama yake, alipokuwa mdogo kama yeye, alikaza kamba ya nyuma ya mlingoti wa mtumbwi wa babu, ziwani, upepo ukiwa mkali, na mtumbwi ukafika salama. Chini yake mwalimu alikuwa amechora mkasi mwekundu, alama ya kukosa, wa kutosha kuua ng'ombe, na maneno: "Uongo. Mtoto wa kike hawezi. Rudia." Ukurasa wa pili ulikuwa habari ile ile, neno kwa neno, ila kila palipokuwa na mama pamewekwa Mjomba Stani, mjomba wangu mimi. Tisa kwa kumi. "Vizuri sana."

Mimi ni mvumilivu kuliko watu wanavyodhani. Nimevumilia kuitwa vikao vya wazazi vinavyoanza saa tatu baada ya saa iliyotajwa. Nimevumilia kupeleka fagio kila muhula kwenye shule ambayo uwanja wake haujawahi kufagiliwa. Hata ule mkasi, ningeweza kuumeza na maji. Kilichonishinda ni mtoto mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya ndizi, ametulia, na aliponiona nimeganda akasema, "Si afadhali, mama? Sasa nina tisa." Nikamuuliza, na wewe unaamini nani alikaza ile kamba? Akafikiri, maana ni mtoto wa kufikiri, kisha akanijibu kwa upole kama anamfariji mgonjwa: "Labda ulikuwa mdogo, mama, ukachanganya."

Basi nitaieleza yote hapa, tangu mwanzo, asome yeye na asome mtu mwingine yeyote ambaye mlingoti anaoujua ni ule wa bendera tu.

Ufuo tuliokuwa tukiishi ulikuwa bado Biharamulo, kabla mipaka ya wilaya haijakatwa upya. Baba yangu, Mzinza wa pale pale, alikuwa na mtumbwi wa mbao wenye tanga. Ubavuni alikuwa ameuandika kwa rangi nyeupe MTAJUA WENYEWE. Alivusha ndizi na unga wa muhogo kwenda visiwani na kurudi na magunia ya dagaa wakavu, kiasi kwamba nguo zake, godoro lake na hata Biblia yake vilinuka dagaa, na mimi mpaka leo nikipita sokoni kwenye meza za dagaa hujisikia nimefika nyumbani. Mwaka niliokuwa darasa la nne, mdogo wake aliyekuwa akisafiri naye alihamia machimboni kutafuta dhahabu, na likizo ya mwezi wa sita ilipofika Baba akazungusha macho nyumbani, yakaishia kwangu. Asidhani mtu kwamba alinichagua kwa ushujaa. Alinichagua kwa uzito. "Huyu anaweza kutambaa juu ya ndizi bila kuziponda," alimwambia mama. Mama alikuwa mzaliwa wa Nyakisasa, mtu wa vilima, ambaye maji aliyoyaamini yalikuwa yale ya kwenye beseni. Aliendelea kupepeta maharage yake, kisha akasema, "Sawa. Akizama, usirudi kunieleza. Zama na wewe huko huko."

Sasa nieleze kamba yenyewe, maana ndiyo kesi. Mtumbwi wetu ulikuwa na mlingoti mmoja wa mti wa msambya, umesimama karibu na mbele na kuinamia mbele kidogo. Juu yake ilipandishwa foramali, ule mti mrefu wa kulala unaobeba tanga, na tanga lilikuwa la viroba vya unga wa ngano vilivyoshonwa pamoja, kiasi kwamba ukiangalia juu ulisoma jina la kampuni mara kumi na mbili. Upepo ukilijaza tanga, unausukuma mlingoti uanguke mbele, na kinachouzuia ni kamba moja inayotoka kichwani mwa mlingoti na kuja kufungwa nyuma, upande unakotoka upepo. Hiyo ndiyo kamba ya nyuma. Ikikatika au ikilegea sana, mlingoti unalala, tanga linalala na wewe unalala. Kila tulipogeuza upande, ilibidi mtu aifungue, aibebe, atambae juu ya mikungu ya ndizi mpaka ubavu wa pili, aifunge upya, na afanye hivyo kabla upepo haujagundua kwamba hakuna anayeushikilia mlingoti. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Tena kamba ilikuwa ya katani, na katani ina tabia zake. Ikilowa inajivuta, inakuwa fupi na ngumu. Jua likiipata inalegea kama mkanda wa mlevi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kila asubuhi ilikuwa kuinywesha kamba. Ndivyo watu wa mwaloni, pale ufuoni mitumbwi inapotia nanga, walivyosema, kuinywesha. Nilichota maji ya ziwa kwa kopo la rangi, nikaimwagia kamba kuanzia nilipofika kwa kunyoosha mkono hadi kwenye fundo, nikasubiri, nikaimwagia tena. Baadaye Baba aliipiga kwa kidole na kuisikiliza, kichwa kimeinama. Ilitakiwa ilie kama uzi mnene wa inanga, kile kinanda cha nyuzi cha wazee. Ikinong'ona, bado. Ikipiga kelele, umezidisha. Baba hakunifundisha kitu kingine chochote mwaka ule kwa maneno mengi kama alivyonifundisha kusikiliza kamba, na mimi, ambaye kanisani nilifukuzwa kwaya kwa kuimba vibaya, kumbe masikio nilikuwa nayo.

Katikati ya likizo akaja Mjomba Stani, kaka yake mama. Alikuwa utingo wa malori yanayokwenda Rusumo, na lori lao lilikuwa limelala Lusahunga kwa ubovu wa gia, kwa hiyo akaja kutusalimia na kula samaki. Mjomba hakuwahi kupanda mtumbwi maishani mwake, na jambo hilo halikumzuia kuwa na maoni. Asubuhi ya kwanza nilipompa shikamoo alikuwa amechuchumaa ufuoni, ananitazama nikimwagia kamba maji. "Marahaba," akasema. "Unaiogesha ya nini? Inaolewa?" Nikamweleza. Akamgeukia Baba. "Shemeji, mwaka huu, katika dunia hii, bado unafunga mzigo kwa katani na maji?" Baba akamjibu kwamba huo si mzigo, ni mlingoti. "Kila kitu kinachofungwa ni mzigo," akasema Mjomba, na kesho yake akarudi kutoka Lusahunga na bunda la kamba ya nailoni ya buluu, ile ya kufungia maturubai, na kulabu mbili za chuma zilizong'olewa kwenye bodi ya lori.

Kule Rusumo malori hukaa foleni yakisubiri karatasi za forodha, na matingo hawana cha kufanya isipokuwa kukaza kamba, kuzilegeza na kubishana. Ndiyo maana wanajua fundo ambalo sisi wa ziwani hatukulijua. Unatengeneza kitanzi katikati ya kamba. Mkia wa kamba unaupitisha chini ya kulabu, unaurudisha juu, unaupitisha ndani ya kile kitanzi, kisha unavuta kwenda chini. Ni hivyo tu. Lakini ukivuta, kamba inajivuta yenyewe dhidi ya yenyewe, na nguvu yako inarudi imeongezeka. Mjomba alimwita mama aje ajaribu. Mama akavuta kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umeshika mwiko, na kamba ikalia. Akaiangalia, akamwangalia kaka yake, akasema, "Kumbe unafanya kazi huko," akarudi jikoni. Zaidi ya fundo, Mjomba alikuja na wazo la pili: kamba ziwe mbili, kila moja na kulabu yake, kulia na kushoto. Ukigeuza upande, unakaza ya huku na kulegeza ya kule, hakuna wa kutambaa na kamba mkononi juu ya ndizi. Baba akachukua kulabu akaanza kuzipigilia kwenye mbavu za mtumbwi. Alikuwa mtu wa kukubali kwa vitendo.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Mjomba alizikaza zote mbili kama anapeleka mahindi Kigali. Alikanyaga ubavu wa mtumbwi, akavuta, akapumua, akavuta tena, akapiga kamba kofi la kuridhika. Mtumbwi ulikuwa bado umefungwa ufuoni na ulikuwa na mikungu kama ishirini tu. Tukasikia kitu kinasema krrr. Mlingoti haukuvunjika, ulikuwa umesukumwa chini kwa nguvu hiyo hiyo, kitako chake kikakandamiza sakafu ya mtumbwi, pamba iliyozibwa kati ya mbao mbili ikachomoka, na maji ya ziwa yakaja kutuamkia. Wavuvi waliokuwa wanakunja nyavu jirani walifurahi siku nzima. "Mzinza, umenunua Fuso?" mmoja akauliza. "Mwambie utingo awashe injini." Baba alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni anapokea mikungu inayoelea. "Shemeji," akasema bila kupandisha sauti, "mlingoti lazima upumue." Mjomba naye hakukubali kirahisi. "Mzigo ukipumua, utingo analala mtaroni." Walibishana hivyo wakiziba ule ufa kwa pamba na lami, na nadhani walikuwa na furaha kuliko siku yoyote niliyowahi kuwaona pamoja. Mwishowe Baba akatoa hukumu: kamba za lori zitabaki, fundo la lori litabaki, ila kiasi cha kukaza kitaamuliwa na sikio. Na sikio lililokuwa na nafasi ya kazi hiyo lilikuwa langu.

Kosa lililofuata lilikuwa la kwangu, na nalisema wazi kwa sababu habari ya kweli ina makosa ndani yake. Asubuhi ya safari niliamka mapema, nikazikaza kamba zote mbili, zikalia vizuri. Kisha nikachukua lile kopo nikazinywesha. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo na hakuna aliyenikataza; mikono yangu ilijua kwamba kamba huamshwa kwa maji, basi. Nilizimwagia mpaka zikang'aa. Nailoni si katani. Ikilowa haijivuti, inarefuka. Mimi sikujua, Baba hakujua, na Mjomba ambaye pengine angejua alikuwa anashughulika kupanda mtumbwi kwa mara ya kwanza, ameshika kingo kwa mikono miwili, anaomba kwa Kihangaza.

Tulitoka na upepo mzuri wa kutoka nyuma, ndizi zimejaa, na kwa muda tulikwenda raha mustarehe. Mjomba alidumu mpaka ufuo ulipokuwa mstari mwembamba. Baada ya hapo alichukua kopo langu la kunyweshea na kulitafutia kazi nyingine, ya kutapikia, akalala mbele juu ya mikungu. Katikati ya njia upepo ukaongezeka, mawimbi yakaanza kutunyanyua kwa nyuma, na kila tanga lilipojaa, mlingoti uliinama mbele, ukarudi, ukainama tena zaidi, na kitako chake kikawa kinagonga sakafu chini ya ndizi, ko, ko, pale pale tulipoziba kwa lami. Baba alikuwa na usukani chini ya kwapa na kamba ya tanga mikononi, hawezi kuachia kimoja bila kukipoteza kingine. Akaniambia nipige kamba. Nikapiga. Haikunong'ona hata, ilikuwa kimya kama ya kuanikia nguo.

"Verdiana, umeifanya nini kamba?"

"Nimeinywesha."

Aliangalia tanga, akaangalia maji. Alikuwa na haki ya kunigombeza na hakuitumia. "Haya," akasema. "Sasa ikaze."

"Kwa nguvu gani, Baba?"

"Kwa akili ya mjomba wako. Yeye mwenyewe hayupo."

Akaugeuza mtumbwi kidogo tu ili uzito wa upepo uegemee kamba ya kushoto, na ya kulia ikapumzika. Nilitambaa juu ya ndizi hadi kwenye kulabu ya kulia, nikafungua mkia, nikaweka miguu yote miwili kwenye ubavu wa mtumbwi, nikavuta kwenda chini. Kwa mkono mtupu nisingeiweza hata kidogo, nilikuwa mtoto wa miaka kumi mwenye miguu kama fito. Lakini ile kamba ilijivuta dhidi ya yenyewe kama tulivyofundishwa, ikaja kiganja kimoja, ikaja kiganja cha pili, na kila mara nilibana mkia kwa mkono huu na kuipiga kwa kidole cha mkono ule. "Inasemaje?" Baba akauliza. Nikamwambia inanong'ona. Nikavuta tena. "Sasa?" Inalia. "Kama nini?" Nikapiga mara ya pili ili nisidanganye, kwa sababu nilijua nikizidisha sakafu itafunguka kama siku ile, na safari hii hatukuwa na kina cha kiunoni. Nikamwambia inalia kama uzi mnene wa inanga. "Funga," akasema. Tukasubiri upepo ushushe pumzi, nikahamia kushoto, nikafanya vile vile. Mlingoti ukatulia, ile ko, ko ikakoma, na mtumbwi ukakaza mwendo kama mtu aliyevua viatu vinavyombana. Mbele kule Mjomba akainua kichwa, uso wake rangi ya jani la mgomba lililokauka. "Tumefika?" Baba akamjibu, "Rusumo bado."

Tulifika kisiwani na kila mkungu tuliotoka nao. Baba hakunisifu, hiyo haikuwa desturi ya nyumbani, ila jioni alimwambia mama mbele yangu kwamba kamba sasa ina mwenyewe. Likizo ile yote nilizishika mimi. Niligundua asubuhi zinazofuata kwamba nailoni inafaa kukazwa ikiwa tayari imelowa, kwa hiyo nilizinywesha kwanza na kuzikaza baadaye. Nikagundua pia kwamba tukienda dhidi ya upepo tanga linapenda mlingoti uliolegezwa kidogo. Baba akasogeza kulabu mbele kwa hatua moja ili zisigombane na usukani. Kabla shule haijafunguliwa mitumbwi mitatu ya mwaloni ilikuwa na kamba mbili za buluu, na wale wale waliouliza habari za Fuso walikuwa wanatuma watu nyumbani: "Mwite yule binti aje asikilize."

Leo ufuo ule una mashine za kusukuma mitumbwi, tanga ni la kutafuta, na sioni ubaya wowote. Mashine haihitaji mtoto atambae juu ya ndizi. Mimi mwenyewe niliolewa huku milimani, na mlingoti nilionao ni nguzo mbili za kuanikia nguo. Ninachopima ni kitu kingine. Baba yangu hakumaliza darasa la tatu. Alikuwa na mtumbwi uliojaa, shemeji anayetapika na binti aliyekwisha kukosea asubuhi hiyo hiyo, na bado aliniuliza kamba inasemaje, nikamjibu, akaamini jibu langu kwa uhai wake. Mwanangu ana mwalimu mwenye cheti. Anaketi kwenye dawati kavu, hakuna wimbi, na neno lake halikuaminiwa hata kwa thamani ya ukurasa mmoja. Kibaya zaidi amefundishwa dawa yake: badilisha mtu, utapata tisa.

Nilikwenda shuleni kesho yake. Mwalimu ni kijana mstaarabu, alinipa shikamoo na kiti. "Mama Editha," akasema, "tuwe wakweli. Mtoto wa miaka kumi hawezi kushikilia mlingoti."

"Hakuushikilia. Alikaza kamba."

"Kwa nguvu gani?"

Nikamwomba kamba, nimwonyeshe kwenye dirisha la ofisi. Akatabasamu, akasema ana kipindi, na kama nina malalamiko niyaweke kwa maandishi. Nikamshukuru. Nilirudi nyumbani, nikamfundisha Editha lile fundo kwenye nguzo za nguo, akalikaza mwenyewe mpaka nguzo moja ikainama, akaipiga kamba kwa kidole, akaisikiliza, akaniangalia. Halafu tukakaa mezani nikaandika. Barua ilipokelewa na kupigwa muhuri siku ya pili asubuhi, na inasema hivi:

Kwa Mwalimu Mkuu.

YAH: KUOMBA MWANANGU AONDOLEWE ALAMA TISA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni mzazi wa Editha wa darasa la nne. Mwanafunzi huyu aliandika habari ya kweli akapewa mkasi, kisha akaandika habari ya uongo akapewa tisa kwa kumi. Aliyetajwa katika habari ya pili ni mjomba wangu. Yuko hai, anapokea simu, na atakuthibitishia kwamba wakati huo alikuwa anatapika.

Naomba alama hizo tisa zifutwe, kwa kuwa hazikupatikana kwa haki. Naomba ule mkasi uhamishwe ukurasa wa pili, unakostahili. Naomba ukurasa wa kwanza usomwe na mwanafunzi mwenyewe mbele ya darasa lile lile. Ukipenda asahihishwe tahajia, asahihishwe. Ameandika foramali vibaya mara mbili.

Siombi aongezewe alama yoyote. Mwanafunzi anajua ninachoomba. Alizililia zile tisa jana jioni, kisha akaisoma barua hii tangu mwanzo hadi mwisho, akaniambia niipeleke.

Verdiana,
mzazi.